Simu haitaki jua, inataka volti 5

Kazi yangu ni kibanda cha M-Pesa na fotokopi huku Mtongwe, Mombasa, ng'ambo ya kivuko. Pesa za watu zimo ndani ya simu na zangu vilevile, maana floti yote ya kazi inakaa kwenye laini ya uwakala. Stima ikipotea asubuhi na simu ya kazi haina chaji, siku hiyo huna duka, una meza na mwavuli tu. Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia giza, kesho yake watu walinijia wakitaka kutoa pesa za kununulia mkate, na simu zilizoshika hizo pesa zilikuwa zimezima mifukoni mwao. Ndipo nikaacha kusema "siku moja nitaunda chaja ya sola" nikaanza kutafuta vipande.

Michoro ya chaja za sola ni mingi, na karibu yote ni mifupi: paneli, kishusha volti, tundu la USB, simu. Ukiunganisha hivyo chini ya jua la saa saba mchana, alama ya chaji inatokea kwenye kioo na kila mtu anafurahi. Wengi hupiga picha hapo, wakasema kazi imekwisha. Mimi nasema ngoja wingu lipite. Wingu dogo tu, lisilo hata na mvua, na mkondo wa paneli unaanguka hadi robo. Simu haina habari ya wingu. Yenyewe inaendelea kuvuta kile ilichokuwa ikivuta, volti zinaporomoka chini ya 5, simu inakata. Jua likirudi, simu inadhani imechomekwa upya: inawasha kioo, inalia, inaanza kuchaji tena. Wingu la pili, hivyo hivyo. Siku za mawingu ya vipande vipande nimeona simu ikichajiwa asubuhi nzima na adhuhuri ina chaji kidogo kuliko ilivyoamka nayo, kwa sababu kule kushtuka-shtuka na kuwasha kioo kulikula kuliko kilichoingia. Nyingine zinasusa kabisa. Zikikatwa mara kadhaa zinashuka kwenye mkondo mdogo na kubaki huko hata jua likiwaka vipi, mpaka uchomoe waya na kuuchomeka tena.

Kwa hiyo chaja ninayoitumia ina betri katikati. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili: mfereji unatoka maji siku unapopenda, ndiyo maana kila nyumba ina tangi. Jua linajaza betri kwa mwendo wake, na betri inaipa simu volti 5 zisizotikisika, hata saa nne usiku.

Mtu atauliza, si bora kununua pawabenki yenye kipaneli mgongoni? Kile kipaneli ni cha ukubwa wa kiganja, wati moja hivi au moja na nusu. Pawabenki ya mAh 10,000 (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) ina wati-saa kama 37 ndani yake. Kuijaza kwa kipaneli hicho pekee utahitaji karibu wiki nzima ya jua zuri, na muda wote huo umeianika betri ya lithiamu kwenye joto, jambo ambalo betri hiyo hailipendi hata kidogo. Kile kipaneli ni cha kuuzia pawabenki.

Hesabu ifanywe kabla ya kununua chochote. Simu ya kisasa yenye betri ya mAh 5,000 inabeba wati-saa 19 hivi. Kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ya mAh 1,000 haifiki 4. Mimi nilichukua paneli ya wati 10. Wati hizo 10 zilipimwa kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita mraba, na paneli yenyewe ikiwa na joto la nyuzi 25. Nani ana nyuzi 25 juu ya mabati ya Mtongwe saa sita mchana? Paneli inapita nyuzi 60, na kila nyuzi moja juu ya 25 inakula takriban asilimia 0.4 ya nguvu. Hapo tayari umepoteza wati moja na kitu. Ukikadiria saa tano za jua kamili kwa siku, kwenye karatasi unapata wati-saa 50. Ondoa joto, ondoa kinachopotea kwenye kushusha volti, kwenye kujaza betri na kwenye kupandisha volti tena. Kinachofika ndani ya simu ni nusu hivi: simu moja kubwa ijae, na kabambe moja au mbili juu yake. Ukiijua hesabu hii mapema, hutawaahidi majirani kisichowezekana.

Vipande nilivinunua mjini, pande za Mwembe Tayari. Kila duka swali la kwanza lilikuwa, "Umetumwa na fundi gani?" Nilipochoka kujieleza nikawa nasema nimetumwa na ami yangu, na bei ikashuka hapo hapo. Nikarudi na paneli inayoitwa ya volti 12, ambayo kwa kweli inafanya kazi kwenye volti 18, na ikiwa haijabebeshwa mzigo inaonyesha 21 au 22 kwenye mita ya kupimia volti. Anayesikia "volti 12" na kuamini jina atakuja kuunguza kitu. Nikachukua pia kibao cha kushushia volti chenye LM2596, kibao cha kujazia betri cha TP4056 kile chenye ulinzi, kibao cha kupandisha volti za betri hadi 5 chenye tundu la USB, dayodi ya 1N5819 na fyuzi. Dayodi inakaa kwenye waya chanya wa paneli kuzuia umeme usirudi nyuma usiku. Inakula sehemu ndogo ya volti moja, na kwenye 18 hilo si neno.

Kuna mzee hapa kwetu ni fundi wa redio tangu enzi za redio za mbao. Yeye alishikilia nitumie 7805, kale kadude ka miguu mitatu kanakojulikana na kila fundi. 7805 ni kaaminifu, lakini kanashusha volti kwa kuzichoma. Ukikapa 18 na ukataka 5 kwa nusu ampea, volti 13 zilizobaki zinageuka joto, wati sita na nusu, na simu inapata wati mbili na nusu tu. LM2596 inafanya mambo mengine kabisa: inafungua na kufunga umeme mara 150,000 kwa sekunde, na volti inazozishusha inazirudisha kwa sura ya mkondo zaidi. Inapoteza kidogo, haichomi vidole. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawasha redio yake ya masafa mafupi karibu na kibao changu. Ikatoka sauti ya mlio mrefu, taarifa ya habari haisikiki. "Mwanangu, chako hiki chapiga kelele," akasema. Na ni kweli: kule kufungua na kufunga kunatoa mawimbi, na redio inayasikia. Nilikisogeza kibao mbali, nikavisha waya ile pingili nyeusi ya feraiti inayopatikana kwenye nyaya za kompyuta kuukuu, kelele ikapungua. Haikwisha. Mzee mpaka leo anachaji simu kwangu lakini redio yake haileti.

LM2596 ina kijisanduku cha buluu chenye skurubu ndogo ya shaba juu yake. Hiyo skurubu ndiyo inayoamua volti zinazotoka, na kibao kikitoka dukani unaweza kukikuta kimewekwa popote pale, hata karibu na volti zote za paneli. Kwa hiyo unakiunganisha na paneli bila kitu upande wa pili, unaweka mita, unazungusha skurubu. Mwanzoni utazungusha na kuzungusha na namba hazisogei, ukadhani kibao ni kibovu. Endelea, kinyume cha saa. Ghafla namba zinaanza kushuka, na hapo unakwenda robo duara kwa robo duara mpaka 5.0. Kisha tone la rangi ya kucha juu ya skurubu ili asije mtoto na kisu kidogo. Yangu ilikuwa nyekundu na inaonekana hata gizani kwa tochi.

TP4056 inapokea zile volti 5 na kujaza betri moja ya lithiamu hadi 4.2, kisha inakata. Sasa angalia hili ambalo michoro mingi inaliruka. Kibao hicho kimepangwa kuvuta ampea moja nzima. Asubuhi na jioni, au kusi likileta mawingu mazito, paneli ya wati 10 haiwezi kutoa hicho. Kibao kinalazimisha, volti za paneli zinaanguka kutoka 18 hadi kwenye 5 huko, na mwanga uliokuwa na uwezo wa kutoa wati nne unakupa moja na nusu. Kiwango cha mkondo kinaamuliwa na rezista moja ndogo kama punje ya ufuta, yenye maandishi 122, yaani omu 1,200. Niliing'oa kwa chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, nikaweka ya omu 2,000, yenye maandishi 202. Mkondo ukashuka hadi miliampea 580. Mtu angedhani nimeipunguzia nguvu chaja. Lakini sasa inaanza kujaza mapema asubuhi na inaendelea hadi alasiri bila kuiangusha paneli, na mwisho wa siku betri ina chaji zaidi. Kibao chenyewe nacho hakichemki tena.

Betri nilitumia seli za 18650, zile za mviringo zinazofichwa ndani ya betri za laptopu. Betri ya laptopu iliyokufa mara nyingi ina seli moja au mbili mbovu na nyingine bado zinafaa. Hapa nakuwa mkali, na yeyote anayeniletea seli ananijua. Seli iliyoshuka chini ya volti 2.5 siigusi. Yenye kutu, iliyobonyea, au iliyochanika lile karatasi lake la plastiki, siigusi pia. Zilizobaki nazijaza moja moja hadi 4.2 huku nazishika kwa mkono. Inayopata moto wakati wa kujazwa inatoka. Kisha naziacha kwenye rafu wiki mbili tatu. Inayoshuka yenyewe bila kutumiwa, hiyo ina ugonjwa ndani. Zilizopita mtihani naziunga sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, baada ya kuhakikisha kwa mita kwamba volti zake zinalingana. Ukiunga iliyojaa na iliyo tupu, iliyojaa inajimimina kwa nyingine kwa nguvu isiyo na breki. Seli tatu za mAh 2,600 zinakupa wati-saa 28 hivi. Fyuzi inakaa hapo hapo kwenye mdomo wa betri, si mahali pengine. Lithiamu ikishika moto ndani ya nyumba ya makuti, sidhani nahitaji kuendelea.

Paneli iko juu ya mabati, boksi la vibao na betri liko chini kivulini, na kati yao waya mrefu. Watu hupenda kufunga kila kitu pamoja mgongoni mwa paneli kwa sababu inapendeza. Mgongo wa paneli ni moto, na betri ya lithiamu haifai kujazwa ikipita nyuzi 45. Waya mrefu uwe upande wa volti 18, ambako mkondo ni mdogo na hasara ni ndogo. Waya wa USB uwe mfupi na mnene. Zile nyaya za kuuzwa barabarani nyingine ni nyembamba ndani hata ukipima unakuta simu inapokea 4.5, halafu lawama inapewa sola.

Kuhusu kuielekeza paneli, sisi tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, jua linatupita juu ya vichwa. Ilaze, lakini isilale kabisa: mwinamo kidogo, nyuzi 10, kuelekea kaskazini, unatosha mvua iteremke na vumbi. Kinachoua paneli huku kwetu ni kivuli. Nyumba ya pili wanaanika nguo kwenye kamba inayopita karibu na ukingo wa mabati yetu. Leso moja tu, pindo lake likitupa kivuli kwenye safu ya chini ya paneli, na mita ikashuka kutoka karibu nusu ampea hadi chini ya sehemu ya kumi ya ampea. Seli za paneli zimeungwa mfululizo, moja ikizibwa inazibana zote. Nilimwonyesha mama mwenye leso ile mita. Akaitazama, akatazama leso, akasema, "Basi mimi nichaji bure." Tukaelewana.

Halafu chumvi. Hili silioni likiandikwa na watu wa bara, na si kosa lao. Upepo wa bahari unaingia kila mahali. Waya wa shaba usiopakwa bati unageuka kijani kuanzia ncha na kijani kinapanda ndani ya ganda lake, ukiukata unakuta umeoza kwa ndani na nje ni mzima. Tundu la USB ndilo la kwanza kufa. Ukitazama kwa karibu utaona kwamba pini inayoliwa ni ile ya chanya: unyevu wenye chumvi ukikaa kati ya pini zenye umeme, umeme unaikwangua chanya kidogo kidogo usiku kucha. Kwa hiyo niliweka swichi kabla ya kibao cha kupandisha volti, chaja isipotumika tundu halina umeme, na lina kifuniko cha mpira. Vibao vyote nilivipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, isipokuwa sehemu za kuunganishia na skurubu. Maungio yote yamelehemiwa. Kusokota waya na kufunga nailoni tepu huku pwani ni kuahirisha kazi. Boksi ni kontena la plastiki la jikoni lenye mfuniko wa kubana, na matundu ya hewa yako chini tu, yakitazama ardhi. Kila mwezi nafungua, napangusa tundu la USB kwa spiriti na mswaki.

Ami yangu ni mvuvi, hutoka na dau usiku. Yeye ndiye mteja mgumu kuliko wote kwa sababu anataka simu imfikishe alfajiri, awapigie wanunuzi kabla hajafika pwani. Miezi ya kaskazi alikuwa akinisifu kwa kila mtu, betri inajaa kabla ya saa saba. Ikaingia Mei, mvua siku tatu mfululizo, akakuta taa ya betri nyekundu. "Mwanangu, kidude hiki chataka kusi liishe ndipo kifanye kazi?" Nikamwambia ami, siku ya mvua nayo paneli inatoa, ila ni kidogo sana, na aliyechaji jana simu kubwa mbili ni yeye na rafikiye. Tangu hapo kuna utaratibu: taa ikiwa nyekundu, kabambe kwanza, simu kubwa zisubiri. Simu ya uwakala haisubiri. Wateja hulipa shilingi 20 stima ikiwa imepotea, na stima ikiwepo kila mtu anachaji kwake.

Ami sasa anataka ya pili ya kukaa ndani ya dau. Nimemwambia hiyo itakuwa nyingine kabisa: paneli ya volti 6 ya wati tatu nne hivi, ambayo bila mzigo haipiti volti 7 na kitu, na TP4056 inakubali hadi 8, kwa hiyo LM2596 haina kazi tena. Unaunga paneli moja kwa moja kwenye kibao, seli moja mpya ya dukani badala ya za laptopu, na rezista ya omu 3,000 ili mkondo uwe miliampea 400. Hata dayodi unaweza kuiacha, maana kwenye volti 6 kila kipande cha volti kina thamani, na kibao chenyewe hakirudishi umeme usiku ila chembe. Kinachobaki ni boksi lisiloingiza maji kabisa, na hapo tumekwama kidogo, kwa sababu boksi lisiloingiza maji halitoi joto pia. Ami amependekeza tuliweke chini ya mbao za mbele za dau, ambako hata nyavu hazikauki. Mimi bado nataka kwanza kuweka mita ya joto huko mchana mmoja.